Mgomba Uliozikwa kwa Jina la Ogari

Hadithi hii hamtaiamini, na sitawalaumu. Mimi mwenyewe nilikuwepo, tena mbele kabisa, na bado asubuhi nyingine huamka nikiutazama mkono wangu wa kulia, nikajiuliza kama kweli ndio uliofanya jambo lile. Lakini jambo lile ni langu, nalo litakuja mwisho. Kwanza mwenye hadithi.

Mwenye hadithi ni Nyanchama, mke wa marehemu kaka yangu Ogari, ikiwa Ogari ni marehemu. Ninapoandika ameketi hatua tatu kutoka hapa nilipo, mbele ya nyumba yake, mwendo mfupi kutoka Suneka, anapepeta wimbi. Nilimwambia nitaandika maisha yake katika daftari, na kila ukurasa ukiisha nitamsomea kwa sauti. Akasema, "Andika." Sikujua kama amefurahi au amekasirika. Nimemjua miaka ishirini na mmoja na jambo hilo sijalijua bado.

Msishangae kwamba naandika. Nilisoma mpaka darasa la pili. La tatu niliingia wiki mbili, kisha mimi na mwalimu tukatofautiana kuhusu nani kati yetu anajua zaidi, nikamwachia shule yake. Herufi zilizobaki nilifundishwa na huyu Nyanchama, ambaye hakukanyaga shule hata siku moja. Hilo nalo mtalikataa, lakini ngojeni.

Aliolewa na kaka yangu miaka michache baada ya nzige. Siku ya enyangi, yaani arusi yetu kubwa ile ya ng'ombe na pombe na nyimbo za kutwa, alivishwa ebitinge, zile pete za chuma wanazovaa wake za watu kwenye vifundo vya miguu. Alivishwa kumi kila mguu. Sheria ya pete hizo kila mtoto wa Kisii anaijua. Hazivuliwi. Mwanamke akizikata mume wake akiwa hai, ametoka kwa mume huyo, na mume akiwa mbali basi atafia huko huko aliko. Mume akifa nyumbani na akazikwa, ndipo hukatwa. Kwa hiyo mwanamke akipita, unasikia kwa miguu yake kwamba kuna mtu mahali fulani ambaye bado anapumua.

Kaka yangu Ogari alikuwa mtu wa namna gani? Nilimwuliza Nyanchama swali hilo juzi, ili nisiandike uongo. Akafikiri mpaka chungu kikachemka. "Alikuwa Ogari," akasema.

Basi nitawaambia mimi. Ogari alifanya kazi katika mashamba ya chai ya Kericho, akarudi na blanketi jekundu na tabia ya kucheka peke yake. Nyanchama alikuwa ameanza kujifunza kusoma kwa jirani, kwa kitabu kidogo cha misheni. Ogari akakata kurasa kumi na moja za mwanzo akaviringishia tumbaku. Mwezi uliofuata akatembea mpaka mjini, akarudi na kitabu kipya kama kile, akakiweka juu ya mtungi wa maji. Wiki mbili baadaye akaanza kukata kurasa za kile kipya. Ndiyo sababu Nyanchama mpaka leo anajua vizuri sana mambo yanayoanzia ukurasa wa kumi na mbili.

Mara nyingine mto Gucha ulikuwa umefurika naye ana mimba ya Gesare. Ogari akambeba mgongoni kumvusha. Katikati ya maji akasimama akamwambia kwamba ni mzito kwa sababu ya vyuma, na kama si ng'ombe aliowatoa angemwacha azame. Kisha akamvusha. Akamtua chini taratibu, kama mtu anayetua mayai. Nilikuwa ukingoni nikaona. Usoni pa Nyanchama hapakuwa na shukrani wala hasira. Alikunja nguo yake akaikamua.

Vita vya Hitila vilipokuja, chifu akatoa majina, na jina la Ogari likawa mojawapo. Aliondoka mwaka wa arobaini na moja. Barua zake zilifika mbili. Katika ya kwanza aliwasalimu ng'ombe watatu kwa majina yao kabla ya kumsalimu mke wake, nasi tukacheka sote. Katika ya pili alimsalimu mke wake kwanza, tena kwa maneno mazuri. Nyanchama akaikunja barua hiyo akakaa nayo mapajani. Ndiyo siku pekee niliyomwona ameogopa.

Sasa ije misheni. Siitaji kwa jina kwa kuwa wenyewe wapo bado, na kanisa lao lina paa jipya la mabati. Si ile kubwa ya Nyanchwa. Ni ndogo, juu ya kilima chetu, nyumba tatu na bustani ya maua ambayo ng'ombe wetu waliipenda kupita kiasi. Gesare, mtoto wa pekee wa Nyanchama, alipata kichomi. Mama yetu Nyaboke akafanya dawa zake zote, mtoto akazidi kukoroma. Nyanchama akamfunga mgongoni akapanda kilima.

Huko alikuwako mwanamke wa Kizungu, muuguzi, aliyekaa na yule mtoto siku nne bila kubadili nguo. Gesare akapona. Sasa ana watoto wake wawili na sauti ya kuita watu kutoka kilima kingine.

Siku ya nne yule muuguzi akaiona miguu ya Nyanchama. Kwa kupanda mbio, pete zilikuwa zimekata ngozi, na chini yake pameoza kidogo. Akaleta beseni. Akapiga magoti, Mzungu yule, akaosha miguu ya mke wa kaka yangu, akizisogeza pete moja moja kwa vidole na kupaka dawa chini yake, zote kumi na tano za kila mguu (Nyanchama anasema ni kumi). Alipomaliza akasema kwa Kiswahili chake, "Mama, hivi tutavitoa lini?"

Nyanchama aliniambia jambo hilo miaka mingi baadaye, tukiwa tunachambua maharagwe. Alisema hajawahi kuguswa miguu na mtu yeyote namna ile, hata na mama yake. Alisema alichukia. Alisema wiki iliyofuata alirudi aoshwe tena ingawa kidonda kilikuwa kimepona.

"Sasa ulipenda au ulichukia?" nikamwuliza.

"Nilirudi," akasema.

Akaingia darasa la ubatizo. Mwalimu wa darasa alikuwa Abner, kijana wa kilima cha pili, mwembamba, mpole, mwenye shati moja jeupe alilolifua kila Ijumaa kabla jua halijatua. Nyanchama alilimaliza darasa kwa miezi mitatu, kwa maana alikuwa tayari anasoma, isipokuwa zile kurasa za mwanzo. Siku ya kuandikwa majina ya kuingia mtoni, Abner akalitaja la kila mtu, la Nyanchama hakulitaja. Akamfuata nje.

"Dada Nyanchama, unajua kinachobaki."

"Najua."

"Si sheria yangu. Mimi ningekuingiza hata na chungu kichwani. Lakini wakubwa wanasema vyuma vile ni kiapo cha giza, na mtu haingii majini na viapo viwili."

Nyanchama akaja nyumbani, akamweleza mama yetu. Nyaboke alikuwa anakamua ng'ombe, hakuacha kukamua.

"Kata," akasema mama. "Kata, mke wa mwanangu. Lakini ukikata, ujue ni shingo ya Ogari unayokata. Na ukimaliza, shika njia na beseni lako, uende ukakae na Mzungu wako."

"Sijasema nitakata."

"Sijasema umesema."

Basi akakaa hapo katikati. Akaendelea kukaa. Kila Sabato alipanda kilima, akaketi benchi la nyuma kabisa, la wasiobatizwa, pamoja na watoto wasumbufu na wazee waliokuja kwa ajili ya usingizi. Kanisa lilipopiga magoti, zilisikika pete zake zikigonga sakafu. Wale wa mbele walikunja nyuso. Lakini wake zao ndio walikuja kwake siku za Jumanne kujifunza kusoma, hapa hapa chini ya upenu wa nyumba hii, kwa sababu misheni haikuwa na mwalimu mwingine wa wanawake aliyekuwa na subira. Wanawake waliobatizwa wakafundishwa neno la Mungu na mwanamke asiyebatizwa. Wakati wa makambi, ile mikutano mikubwa ya ibada kule Nyanchwa, alibeba chungu kikubwa cha kupikia watu, akapika siku zote, akasimama pembeni penye moshi wakati wa mahubiri, kisha akarudi nyumbani kwa mama mkwe aliyemwuliza kila mara, "Umeokoka leo?" na kumwekea chakula kilichofunikwa vizuri.

Mwaka wa arobaini na nne tukaitwa ofisini kwa Bwana DC mjini. Nilimsindikiza mimi. Karani aliyetupokea alikuwa mtu wa ziwani aitwaye Ogada, mrefu, suruali yake imepigwa pasi ikasimama kama ubao. Alikuwa mtu mwema. Alitupa kiti kimoja, nikakikalia mimi kwa kuwa nilikuwa mwanamume. Sasa naona haya kidogo.

Ogada akasoma karatasi kimoyomoyo, kisha akatueleza kwa Kiswahili. Meli ya askari imezama baharini. Wengine wameokotwa. Ogari hayumo katika waliookotwa.

"Yumo katika waliokufa?" akauliza Nyanchama.

"Mama Gesare, waliozama hawakupatikana miili."

"Kwa hiyo hajulikani alipo."

"Hajulikani. Lakini hapa chini serikali inasema mchukulieni kuwa amekufa."

"Nani amchukulie?"

Ogada akaigeuza karatasi, akatazama nyuma yake kama kwamba jibu huenda limeandikwa huko. "Nadhani ninyi," akasema. "Pole, mama. Pole sana."

Tukatoka. Nilingoja alie, kwa sababu nilikuwa nimeshajipanga namna ya kumshika. Akaingia duka la Mhindi akanunua chumvi, kwa kuwa chumvi ilikuwa imeisha nyumbani. Tulipofika karibu na mji wetu, yaani boma letu, akanipa ile chumvi niibebe, akatangulia kwenda kumwambia mama.

Mama alilia mpaka watu wa Nyamarambe wakasikia. Baada ya siku kadhaa akatulia, akaanza kuwa na hofu nyingine. Mwanamume asiyezikwa hutangatanga, akasema, na akirudi usiku atauliza kaburi lake liko wapi. Wazee wakakubali. Desturi ipo: mwili usipoonekana, huzikwa shina la mgomba badala yake, likafungwa nguo za mwenyewe, likaliliwa, mambo yakaisha. Nikatumwa mimi kuleta shina.

Hapa niseme ukweli. Watu wengine hukata shina la mgomba kwa panga, juu ya ardhi, wakabeba. Hiyo ndiyo desturi na ndiyo akili. Lakini siku ile watu walikuwa wengi wakinitazama, nami nilikuwa mdogo wake Ogari, na kila mtu alikuwa anasema Ogari alikuwa na nguvu. Nikaukumbatia ule mgomba, nikautikisa, nikaung'oa mzima pamoja na kitako chake na mizizi yake na udongo wake. Watu wakaguna. Nikaubeba begani mpaka uwanjani. Hakuna aliyesema kitu kwa sababu walikuwa wanastaajabu, au ndivyo nilivyofikiri.

Tukaufunga katika lile blanketi jekundu la Kericho. Nyanchama alikuwa amesimama hapo. "Blanketi hilo bado ni zuri," akasema. Mama akamwambia anyamaze. Watu wa misheni walikuja, wakasimama mbali kidogo, kwa kuwa haikuwa wazi kwao kama ni mazishi au ni upandaji. Abner hakuomba. Lakini hakuondoka pia, na tulipoanza kutupa udongo alikuja akatupa konzi moja.

Ndipo likatokea jambo ambalo halijawahi kutokea katika mji wetu: mama yetu na misheni wakakubaliana. Mama alisema, sasa mume amezikwa, pete zikatwe kama desturi inavyotaka, ili kifo kiishe. Abner akasema, zikikatwa, dada yetu ataingia mtoni Sabato ile ile. Mama akasema vema. Abner akasema karakana ya misheni ina tupa ya chuma, ataiazima. Mama akasema Onchiri, yaani mimi, ndiye atakayekata, kwa kuwa Onchiri ndiye ndugu wa mume, na baada ya hapo Onchiri ndiye atakayeiangalia nyumba ile. Mnajua maana ya kuangalia nyumba. Nilikuwa sijaoa. Sikukataa. Nilianza hata kulitazama paa lake nikipanga pa kuziba.

Hakuna aliyemwuliza Nyanchama. Si kwa ubaya. Kila mtu alidhani hilo ndilo alilokuwa akilingoja: misheni ilidhani amengoja ruhusa ya nyumbani, nyumbani walidhani amengoja kuwa huru. Alipoambiwa siku, alisema, "Sawa," kwa sauti ile ile aliyosema nayo "Andika."

Siku ikafika, baada ya wimbi kuvunwa. Wazee wameketi upande mmoja, watu wa misheni upande wa pili wakiwa na kitabu cha nyimbo, mama katikati. Nyanchama akatoka ndani, miguu imepakwa mafuta, akaketi kwenye kigoda akaweka mguu wa kulia juu ya jiwe. Nikapiga magoti mbele yake na ile tupa ya Abner. Nikashika pete ya juu. Ilikuwa ya moto kwa jua.

Yeye hakuwa ananitazama. Alikuwa anatazama juu ya kichwa changu, kule kwenye kaburi.

"Onchiri," akasema. "Ule mgomba uliukata au uliung'oa?"

"Niliung'oa," nikasema, bado kwa fahari.

"Ona basi."

Tukageuka sote. Katikati ya kaburi la Ogari udongo ulikuwa umepasuka, na limetoka jani moja la kijani, limejisokota kama barua, urefu wa mkono. Kando yake linakuja la pili.

Mzee mmoja akasimama akaketi tena. "Mgomba wa kaburini hauoti," akasema.

"Ukizikwa na mizizi yake unaota, mzee," akasema Abner. "Ni mgomba tu."

"Ni mwanangu," akasema mama. "Anakataa kufunikwa. Nani aling'oa na mizizi?"

Wote wakanitazama. Nikaitazama tupa.

"Ni ishara kwamba yu hai," akasema mzee wa pili.

"Ni ishara kwamba ana hasira," akasema wa kwanza.

"Ni ndizi," akasema Abner, kwa upole, kama mtu anayeomba radhi.

Wakabishana hapo mpaka kivuli cha nyumba kikahama. Kama yu hai, pete zisikatwe. Kama amekufa, zikatwe leo. Kama amekufa lakini ana hasira, ichinjwe mbuzi kwanza. Watu wa misheni walifungua kitabu cha nyimbo wakakifunga. Mguu wa Nyanchama ulikuwa bado juu ya jiwe. Kisha nikaona haupo. Ameurudisha chini ya nguo yake.

"Sivikati leo," akasema.

Hakupaza sauti. Mama ndiye aliyesikia kwanza.

"Basi lini?"

"Sijui."

"Unamngoja?"

"Hapana."

Abner akasogea. "Dada, umebadili nia kuhusu ubatizo?"

"Hapana."

"Mlisema nikivikata nitamwua," Nyanchama akamwambia mama. "Sasa mnasema amekufa, nivikate."

"Ndiyo. Ndivyo ilivyo."

"Mimi sijafika huko."

"Basi unataka nini, mke wa Ogari?" akauliza mama, na mara hii sauti yake ilikuwa ya kuuliza kweli. "Tuambie. Watu wote hawa wamekuja."

Nyanchama akawatazama watu wote wale. "Nataka kupika," akasema. "Wamekaa tangu asubuhi."

Akaondoka akaenda kuwasha moto. Mambo ya tupa ilikwenda wapi nitayasema chini.

Tangu siku ile ni miaka kumi na mitatu. Nyanchama si mjane, kwa kuwa pete anazo. Si mke, kwa kuwa mume hayupo. Si wa kanisa, kwa kuwa hajabatizwa, na benchi la nyuma lina alama yake. Si wa nje, kwa kuwa nusu ya wanawake wa kanisa lile wamejifunza kusoma kwake. Nyumba yake sikuiangalia kwa maana ile mnayoijua. Nilioa Bonareri, nikaziba paa la Nyanchama hata hivyo.

Mama alipougua miguu akashindwa kutoka kitandani, Nyanchama ndiye aliyemlisha miaka miwili. Kila siku mama alimwambia asogeze mguu karibu na kitanda, akazipapasa pete moja moja kwa vidole, mpaka ya mwisho. Akiziona zote zipo alipumua. Kisha alimtukana kwa ukaidi wake uliomnyima mwanawe kufa sawasawa. Kisha aliomba uji. Mama alipofariki, Nyanchama alimwosha na kumvisha. Nilimsikia akimwambia maiti, "Geuka kidogo, mama," kama anavyomwambia mtu yeyote.

Ule mgomba ukawa migomba. Ukazaa mkungu mkubwa kuliko wowote wa upande huu, watu wakauogopa. Nyanchama akaukata, akazimenya ndizi, akazipika kwa maharagwe, akala. Abner naye alikula, akiwa amefumba macho. Mimi nilikula arobaini. Wengine hawajala mpaka leo, ila miche huja kuiomba kimya kimya, kwa kuwa mgomba mzuri ni mgomba mzuri. Ndivyo Ogari alivyofika Nyamira, katika mashamba ya watu ambao hakuwajua.

Abner sasa ni mchungaji, ana mvi, ana mashati mawili. Mwaka juzi alikuja hapa akasema wakubwa wa siku hizi hawaangalii miguu tena, na hata kama wanaangalia yeye hajali. Aje na vyuma vyake, atamwingiza mtoni. Alisema akiwa amesimama, na sauti yake haikuwa nzuri. Nyanchama akamwambia, "Acha nifikiri." Akampa ndizi za kwenda nazo. Anafikiri bado.

Juzi nikamwuliza, kwa ajili ya daftari hili.

"Misheni unaipenda?"

"Ilimponya Gesare."

"Basi unaipenda."

"Iliniweka nyuma miaka yote hii na watoto wanaopiga chafya."

"Basi unaichukia."

Akapepeta. Makapi yakaruka yakanijia mimi.

"Na mama yetu?"

"Hivyo hivyo."

"Na Ogari? Akitokea pale njiani sasa hivi na begi lake?"

Akatazama njia. Si kwa kutumaini. Alitazama kama mtu anayeambiwa kuna mawingu. "Nitampikia," akasema. "Wimbi la mwaka huu lina mchanga."

"Husikii kitu moyoni?"

"Nasikia kama mguu uliolaliwa," akasema. "Upo. Nautembelea."

Basi, hayo ndiyo maisha ya Nyanchama, nami nimeyaandika bila kuongeza hata punje. Sasa lile jambo langu nililowaahidi, ambalo hamtaliamini.

Rudini uwanjani siku ile. Kata nzima imejaa, watu wamepanda juu ya miti. Mguu ule juu ya jiwe, pete ishirini na tano zinameta. Tupa mkononi mwangu, ndefu kama mkuki. Mama anasema kata, misheni inasema kata, wazee wanasema kata, hata chifu, niliyesahau kumtaja, anasema kata. Na nyumba ile ingekuwa yangu. Ndipo mimi Onchiri nikasimama. Nikasema kwa sauti iliyosikika Nyanchwa kwamba mwanamke huyu hatakatwa kitu na mkono wangu, si leo wala kesho. Nikazungusha mkono huu mara tatu, nikairusha ile tupa, ikapita juu ya nyumba ya mama, ikapita mto, ikapita mashamba ya watu wa ng'ambo, kunguru wakaikwepa, Abner akaitafuta siku saba hakuiona, na mpaka leo hakuna jicho la binadamu lililowahi kuiona tena, kwa maana ilikwenda kuzama katika

"Onchiri," amesema Nyanchama, bila kuinua macho kutoka kwenye ungo. "Tupa iko darini. Nainolea jembe."